Shangazi Alinifundisha Kusali

Changu akipikwa kwa nazi ana harufu mbili. Ya kwanza ni ile ya sufuria inapoepuliwa: tui linatangulia, bizari inafuata, na samaki mwenyewe anakuja nyuma kama bwana harusi aliyechelewa. Ya pili huja baadaye, mchuzi ukishaanza kupoa na kushika utando juu. Hapo nazi inanyamaza na samaki anarudi kuwa samaki, ananuka pwani tupu. Watoto wengi waliokulia Utende, kisiwani Mafia, miaka yangu wataikumbuka ile ya kwanza. Mimi naikumbuka ya pili, kwa sababu kwa karibu mwaka mzima nilikula chakula kilichopoa. Kilipoa mbele yetu, chini ya kawa, sisi tumepiga magoti kwenye mkeka, macho tumeyafumba, na Shangazi Naelijwa anasali. Mkeka wa ukili una tabia ya kujichora kwenye magoti ya mtoto. Kwa michoro iliyobaki kwenye magoti yangu ungeweza kujua shangazi alikuwa na nini moyoni siku hiyo.

Sisi hatukuwa watu wa kisiwani kwa asili. Baba alikuwa mwalimu, mama muuguzi wa zahanati, na wote wawili walitoka milima ya Upare, wakaletwa Mafia na barua za uhamisho kama mizigo inavyoletwa. Wapare tunajulikana. Husemwa kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na watu wanaosema hivyo hudhani wanatutukana. Mimi naona ni suala la hesabu tu: kuku ataliwa, ng'ombe atakufa, lakini kesi uliyoshinda unazeeka nayo. Naisema mapema ili msomaji ajue anayesimulia ni mtu wa namna gani. Leo ninanunua pweza kwa akina mama wanaotoka mwambani na kuwauzia wenye hoteli za Ghuba ya Chole, na hakuna pweza aliyepita mikononi mwangu bila kupimwa mara mbili, mara moja kwa mzani wa muuzaji na mara moja kwa wangu.

Wakristo pale kijijini tulikuwa wachache. Kanisa lilikuwa Kilindoni, na Jumapili tulikwenda kwa kudandia gari la mtu likipatikana, kwa hiyo siku nyingine zote kanisa lilikuwa sebule yetu. Mama ndiye aliyetufundisha kusali, mimi na mdogo wangu Eliya, na alitufundisha kama anavyofunga kidonda: taratibu, kwa usafi, bila maneno mengi. Kwanza unashukuru. Halafu unatubu. Halafu unaomba. Mwisho unawaombea wengine, na hapo alikuwa akitukumbusha kwamba wengine ni pamoja na wale wasiotupenda. "Sala si hotuba," alikuwa akisema huku akimenya muhogo. "Mungu si mkutano wa hadhara." Tulisali kwa zamu, mkubwa hadi mdogo, na kwa mama zamu yote ya nyumba ilikwisha mvuke ukiwa bado unatoka sufuriani. Nilikuwa nahesabu vipande vya samaki kabla ya kufumba macho, nikavihesabu tena baada ya kufumbua, maana watu waliofumba macho si wa kuwaamini, hasa Eliya.

Ndipo akaja shangazi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto, mrefu, mkavu, mwenye sauti nene iliyozoea kuita ng'ombe kutoka upande wa pili wa bonde. Alikuja kusalimia kwa wiki mbili. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini jembe lenyewe shangazi alikuwa amelikimbia huko alikotoka. Mlimani alikuwa akiishi na bibi yetu, mama yake na baba, na kazi ya kumtunza bibi ilikuwa yote juu yake: kukata majani ya ng'ombe, kupandisha maji kutoka mtoni, kuchanja kuni kwenye baridi ya kuuma mifupa, na kusemwa kuanzia alfajiri, kwa sababu bibi alikuwa mgonjwa wa miguu na mzima wa ulimi. Shangazi alipoonja joto la Utende, samaki mlangoni na ng'ombe hakuna, wiki mbili zikazaa nyingine, na hizo nyingine zikazaa.

Sitamdhulumu. Kazi moja aliifanya kwa moyo wote, nayo ni kunifundisha kusali upya. Alisema sala zangu ni za kasuku. "Unamwambia Mungu 'wabariki wote'. Wote ni akina nani?" aliniuliza siku moja tukichagua mchele. "Mungu ana watu wengi, mwanangu. Taja jina. Taja na shida yake. Usifiche kitu. Toa sauti itoke tumboni, siyo puani kama mbu."

"Shangazi, na nikisahau jina?"

"Hutasahau. Ukimpenda mtu hutasahau, ukimchukia ndiyo kabisa."

Basi tulifanya mazoezi, kwenye ungo wa mchele, kisimani, kwenye kamba ya nguo. Alinifundisha kuanza chini na kupanda, kunyamaza kidogo kabla ya jina ili jina liwe na uzito, kurudia neno ninalotaka lishike. Alinifundisha kusema "Bwana" pale ambapo pumzi inaisha, ili watu wadhani ni uchungu. Nilikuwa na miaka kumi na nilijifunza haraka. Mwalimu bora hupata mwanafunzi anayemstahili.

Haikupita muda nikaelewa kwa nini majina yalikuwa muhimu kwake hivyo. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ya baba ambayo haikuwahi kuandikwa na haikuwahi kuvunjwa: mtu akisali hakatizwi, na akishasema amina hakuna anayebishana na alichosema, maana hakuwa akisema na wewe. Katika mikono ya mama sheria hiyo ilikuwa heshima. Katika mikono ya shangazi ilikuwa panga. Alikuwa anashitaki kwa maombi. "Bwana, umtazame kijana wako Eliya," angesema, sauti ikitetemeka, "umwondolee roho ya udokozi, maana umeona sukari ya kopo la bluu, Bwana, ilivyopungua tangu jana." Eliya angefumbua jicho moja na kunitazama kama mbuzi aliyesikia kisu kinanolewa. Amina ingesemwa, chakula kingeliwa kimepoa, kisha baba angefuta mikono na kusema kwa upole, "Eliya, hebu njoo huku nje kidogo." Hakuna aliyekuwa amemsema. Shangazi alikuwa amemwombea. Hata mama alikuwa na siku yake: jioni moja Mungu aliarifiwa kwamba wifi wa shangazi anatia chumvi nyingi, na aguswe mkono.

Bi Mize, jirani yetu, mama yake na rafiki yangu Zuhura, alikuwa anatusikia kupitia ukuta wa makuti. Alikuwa Mwislamu wa pale pale, mchokoaji pweza, na hakuwa na tabia ya kusema dini ya mtu. Siku moja tu, nilipokwenda kwake kuomba moto, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza, "Yule shangazio, mwanangu, kila siku anaombea watu wale wale?"

"Ndiyo, Bi Mize."

"Ebo! Na bado hawajapona?" Akageuka akachochea kuni. "Dua ndefu kama wavu wa jarife. Hukosi kunasa mtu."

Mtu aliyefuata kunaswa nilikuwa mimi. Simu za mkononi zilikuwa zimefika kisiwani lakini mawasiliano yalikuwa ya kutafuta. Baba alikuwa amegundua kwamba akisimama juu ya ngalawa mbovu iliyopinduliwa nyuma ya nyumba yetu anasikika hadi bara, kwa hiyo simu za familia zilipigwa kwa kelele, kijiji kizima kikiwa shahidi. Jioni moja bibi aliazima simu ya jirani yake akapiga. Hakusalimia. Sauti yake ilitoka kwenye ile simu kama nyigu kwenye kopo: "Nitumie mtu! Kama Naelijwa harudi, basi niletee yule binti yako. Mmoja! Nimechoka kulala na njaa na huku nina watoto." Baba akajibu ndiyo mama, ndiyo mama, akashuka kwenye ngalawa amenuna. Mimi na shangazi tulikuwa tumekaa kizingitini tunaambua njegere, na tuliinua macho kwa wakati mmoja. Hesabu ilikuwa fupi. Mlima ulikuwa unataka mtu mmoja, na pale mlangoni tulikuwa wawili.

Kwangu mimi hiyo haikuwa safari, ilikuwa mauti. Nilikuwa nimezaliwa zahanati ya mama, pale pale. Mlimani nilipelekwa mara moja tu nikiwa mdogo, na nilichobaki nacho ni ukungu na harufu ya mavi ya ng'ombe iliyokuwa haitoki miguuni. Kila kitu changu kilikuwa Utende. Maji yakitoka wakati wa bamvua, bahari inarudi nyuma hadi unadhani imehama, na mimi na Zuhura tulikuwa tunafuata nyayo za Bi Mize mwambani, na chuma chetu cha kuchokolea. Yeye alikuwa ametufundisha kutambua nyumba ya pweza kwa maganda aliyoyatupa mlangoni, kwa sababu pweza ni mwerevu wa kila kitu ila usafi. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nabeba sahani za futari kutoka kwa Bi Mize kuja kwetu, na Krismasi Zuhura alikuwa anabeba za pilau kutoka kwetu kwenda kwao. Nani angeyafanya hayo kama ningekwenda kukata majani?

Akufukuzaye hakwambii toka. Kesho yake tu, shangazi alianza. Sala ya kwanza ilikuwa ya machozi: mama yake, mzee, peke yake mlimani, na Bwana amtumie mtu wa kumsaidia. Alilia kwelikweli, pua ikamtoka. Sala ya pili ilikuwa na maelekezo: huyo mtu awe mwenye miguu myepesi. Sala ya tatu nilitajwa. Akanyamaza kidogo kabla ya jina, kama alivyonifundisha. "Na huyu… Nakunda, Bwana. Umwokoe na kisiwa hiki. Umeona anavyoshinda mwambani kichwa wazi. Umeona sahani anazobeba. Atapotea, Bwana, atapotea. Mtoe hapa umpeleke penye maadili, akakae na bibi yake." Nilisikia pumzi ya mama ikisimama. Kumkatiza asingeweza. Yule alikuwa wifi yake, mkubwa kwa mumewe, na zaidi ya hayo alikuwa anaongea na Mungu. Jioni baada ya jioni nilitajwa hivyo, na jioni baada ya jioni baba alifumbua macho akinitazama kama mtu anayepima nguo ya mtoto aone kama bado inamtosha.

Kisasi changu cha kwanza kilikuwa cha kitoto. Siku za Jumatano shangazi alikuwa anafunga, na alitaka ijulikane. Jumatano moja nilimkuta nyuma ya jiko la Bi Mize anatafuna muhogo wa nazi mashavu yamejaa, na yeye aliniona nikimwona. Jioni zamu yangu ilipofika nikapandisha sauti kutoka tumboni. "Bwana, umsamehe… shangazi. Leo amefunga mpaka saa sita. Umeona ule muhogo, Bwana." Eliya akapata kwikwi ya kicheko, akaizima kwa kukohoa. Sheria ya baba ilishika, nikafika amina salama. Lakini mlo ulipokwisha nilikuwa mimi niliyeitwa nje kidogo. Baba alisema mtoto hamtubii mtu mzima dhambi zake. Fimbo sikupigwa, nilipata kibaya zaidi: "Naona shangazi yako ana haki. Unaharibika hapa. Shule zikifungwa utakwenda kwa bibi." Ndani, shangazi alikuwa anaimba pambio huku akiosha vyombo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, kuosha vyombo namaanisha.

Nililia siku hiyo na iliyofuata. Siku ya tatu niliacha, kwa sababu machozi hayakuwa na mnunuzi. Nikaenda ufukweni na Bi Mize kuuza pweza, na huko ndiko nilikoijua dawa, ingawa yeye hakujua ananifundisha. Mchuuzi wa siku hiyo alikuwa bahili wa kujulikana. Wanawake wenzake Bi Mize walikuwa wanamtukana, na yeye alizidi kukaza uso na kushusha bei, maana tusi humpa mtu sababu. Bi Mize hakumtukana. Alisubiri watu wajae, akasema kwa sauti ya kuita mashua: "Jamani mpisheni huyu! Huyu ndiye aliyemlipa vizuri Bi Saada alipokuwa mgonjwa. Huyu hana tabia ya kupunja mjane. Mnamtukania nini mtu wa roho kama hii?" Mchuuzi akatazama huku, akatazama kule, watu wote wanamtazama na kuitikia. Akalipa. Akalipa akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Tukirudi nyumbani Bi Mize alicheka hadi akafunga tena kanga. "Ukimwita mtu mwizi, mwanangu, atakuibia. Muite karimu mbele za watu, atafanya nini? Hana pa kutokea."

Nilikaa na neno hilo. Niliona kosa langu wazi: nilikuwa nimetumia sala kumlaumu, na lawama ya mtoto ni rahisi kuitupa. Sifa je? Nani angethubutu kubisha akisifiwa mbele za Mungu? Ila pale mkekani watu walikuwa wachache, na wote wa nyumba moja. Nilihitaji mashahidi. Sikungoja sana, kwa sababu shangazi mwenyewe aliniletea.

Wiki moja kabla ya shule kufungwa alikuja mwinjilisti kutoka Kilindoni, mzee mnene mpole aliyekuwa anazitembelea familia zetu za huku Utende. Walikuja naye wazee wawili wa kanisa na wake zao, na sebule ikajaa. Mama alipika changu, akapika na wali, akaweka kawa juu. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya na amefurahi kama mwenye nyumba. Aliwaeleza wageni habari ya maombi ya kila jioni, na jinsi alivyokuta watoto wanasali kama kasuku. Kisha, na hapa ndipo namwona hadi leo, mkono wake mkavu begani mwangu, alisema: "Huyu nimemfundisha mwenyewe. Anaondoka kwenda kwa bibi yake, lakini angalau anaondoka na sala. Nakunda, mwonyeshe baba mwinjilisti. Sali kutoka moyoni. Usifiche kitu."

"Ndiyo, shangazi," nikasema. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu alikuwa ameomba na ngazi iondolewe.

Nilianza chini. Nikashukuru kwa siku, kwa wageni, kwa wali. Nikatubu dhambi zangu zote, kwa majina, ili njia iwe safi. Kisha nikanyamaza kidogo. "Na leo, Bwana, nakushukuru kwa ajili ya… shangazi Naelijwa." Nilisikia amina moja nzito kutoka kwa mwinjilisti. Nikapanda. "Wewe umeyaona machozi yake, Bwana. Kila jioni kwenye mkeka huu anamlilia mama yake. Hakuna binti anayempenda mama yake kama huyu, Bwana. Umesikia anavyosema mama yupo peke yake." Mke wa mzee mmoja alianza kuguna kwa uchungu. "Yeye amekaa huku kwa kutuhurumia sisi watoto, atufundishe sala. Ametoa joto la mama yake akatupa sisi. Lakini sasa, Bwana, tumejua kusali. Kazi yake ameimaliza." Amina! ikaja, ya watu watatu. "Mfungulie njia, Bwana. Moyo wake uko mlimani. Mimi ni mtoto, sijui kumnyanyua bibi, nitamwangusha. Lakini mikono ya shangazi inajua. Bwana, wiki hii hii, Bwana, usikubali mtu yeyote amzuie kurudi kwa mama yake. Usikubali sisi, kwa uchoyo wetu, Bwana, tumzuie."

Pumzi ilikuwa inaniisha, kwa hiyo nilisema "Bwana" mara nyingine mbili.

Amina iliyofuata ilitikisa kawa. Nilipofumbua macho, wake wa wazee walikuwa wanajifuta kwa ncha za vitenge. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na sijui hadi leo kama alikuwa anaficha machozi au kitu kingine. Shangazi alikuwa amekaa wima, mdomo wazi kidogo, rangi imemtoka. "Baba mwinjilisti," alianza, "mtoto huyu… yaani, kwa kweli nilikuwa…"

"Usiseme neno, mama," mwinjilisti akamkatiza, akamshika mikono yote miwili. "Mtoto amesema yote. Nimekaa katika kazi hii muda mrefu, binti mwenye moyo kama wako sijamwona. Jumapili tutakuombea mbele ya usharika wote, na tutakusindikiza."

Shangazi alimgeukia baba. Baba alisema, taratibu sana, "Dada, sikujua ulikuwa unaumia hivyo. Ungesema." Alimgeukia mama. Mama alikuwa anafunua chakula. Mvuke ulikuwa bado unatoka, na mama, ambaye katika nyumba ile alikuwa anagawa samaki kwa haki ya mzani, aliniwekea mimi kipande cha katikati, kile cha baba. Nilikitazama mara mbili nihakikishe. Baba hakuuliza kiko wapi.

Jumapili ile waliimba nyimbo za kumsindikiza. Walimvika kitenge mabegani mbele ya madhabahu, wakampa na blanketi kwa ajili ya baridi, na kila mwanamke aliyemkumbatia alimwambia ana bahati kuwa na moyo ule. Mtu hawezi kukataa blanketi alilopewa huku linaimbiwa. Tulimfikisha bandarini Kilindoni kupanda boti ya Nyamisati. Nilimbebea kikapu chake kama mtoto mwenye adabu. Kabla ya kupanda aliniinamia, watu wakadhani ananibusu, akaninong'oneza sikioni: "Nakunda. Mungu anakuona."

"Ndiyo, shangazi," nikamjibu. "Na wewe ulinifundisha kusema kwa sauti ili asikie."

Kuna wanaosubiri hapa niseme kwamba nilijisikia vibaya usiku. Nililala kama gogo, na kesho yake maji yalitoka na tulipata pweza. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, mingi kuliko daktari yeyote alivyotegemea, na kila Krismasi nilimshukuru Mungu kwa uzima wake, kwa dhati ambayo sijawahi kuwa nayo katika sala nyingine. Shangazi alimkatia ng'ombe majani miaka hiyo yote. Bibi alipofariki, yeye alikuwa amekuwa mzee, nyumba ilikuwa ya kulindwa, na hapakuwa na aliyekumbuka tena kwamba aliwahi kutaka kukaa pwani. Waliomjua walikuwa wanamtaja kwa mfano: binti aliyerudi kwa mama yake kwa hiari yake. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, lakini mimi naona methali hiyo imewasahau watu kama mimi, tuliotendewa tukatenda, na hatukusahau upande wowote.

Siku hizi kusali kumebadilika. Familia yetu iko kwenye kundi la WhatsApp, na kila alfajiri mtu mmoja wa zamu anatuma sala ya sauti. Wengine wote wanaandika amina, wengi kabla hata sauti haijamaliza kucheza. Chakula cha mtu hakipoi. Wanangu wanasali kwa sentensi moja, wanafumbua macho na kurudi kwenye simu. Mimi nazisikiliza sala za kundi kwa ile kasi ya mara mbili, huku napima pweza, na za shangazi ninazisikiliza mara mbili kwa kasi ya kawaida, maana naijua kazi ya mikono yake. Baba na mama wametangulia. Mwaka jana magoti ya shangazi yalianza kumsumbua kwa baridi, na sala zake zikaanza kuteremka mlima. Kwanza alimshukuru Mungu kwa ajili ya joto la pwani. Wiki iliyofuata alimwambia Mungu kwamba Nakunda ana nyumba kubwa Utende. Iliyofuata alinyamaza kidogo kabla ya jina langu. Eliya akaandika amina. Binamu wote wakaandika amina. Mimi niliandika pia. Kisha nikatafuta binti wa kumpikia na kumtekea maji huko huko mlimani, na mkaa, na dawa ya magoti, na hivyo vyote vinamfikia kwa wakati hadi leo. Hakuna atakayesema Nakunda hamtunzi.

Desemba iliyopita nilikwenda kumwona, na wanangu. Ukungu uko vile vile. Yeye amekuwa mdogo, amekaa karibu na moto na lile blanketi la kanisani, limechakaa hadi rangi imekwisha. Tulisalimiana vizuri. Aliwashika wanangu vichwa. Yule binti akaandaa makande mezani, mvuke unapanda, na shangazi akafumba macho, akanyoosha mkono wake mkavu akanishika begani. Sauti ile nene imepungua, lakini imebaki. "Sali wewe, mwanangu," alisema. "Sali kama ulivyokuwa unasali. Usifiche kitu."

Meza nzima ikafumba macho. Nilimtazama. Midomo yake ilikuwa imeanza kutikisika tayari, inangoja mahali pa kusema amina.

"Asante kwa chakula hiki," nikasema. "Amina."

Wanangu wakafumbua macho, wakaanza kula. Yeye hakufumbua. Alibaki amefumba, uso ameuinua kidogo, akingoja jina lake. Nami nikachukua kijiko.